Mrushaji droni wa Bura anahitaji leseni gani?

Bura ya kaunti ndogo ya Fafi, Garissa, iko upande wa mashariki wa Mto Tana. Isichanganywe na Bura ya ng'ambo, katika kaunti ya Tana River, inayojulikana kwa mradi wake wa kilimo cha kunyunyizia maji. Hii ya Garissa ni nchi ya wafugaji, yenye ng'ombe, ngamia na mbuzi, vichaka vya mathenge, laga zinazokauka kwa miezi na kufurika kwa usiku mmoja, na barabara inayotoka Garissa kuelekea Ijara hadi Lamu. Ni mahali ambapo anayetaka kujua kilichoko kilomita tano mbele mara nyingi hana njia ila kwenda mwenyewe.

Kwa sababu hiyo droni, ile ndege ndogo isiyobeba mtu na inayoongozwa kutoka ardhini, ina kazi nyingi zaidi hapa kuliko mijini, inakotumiwa kupiga picha za harusi. Mwishoni mwa mwaka 2019, nzige wa jangwani walipoingia nchini kupitia Mandera na Wajir na kuenea kote kaskazini, marubani wa ndege za kunyunyiza dawa walitegemea habari za wachungaji na machifu kujua makundi hayo yalikolala. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Mto Tana ulivunja kingo zake, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ikakatika karibu na Madogo, na watu wakavuka kwa mashua. Mojawapo ya mashua hizo ilipinduka Kona Punda mwezi Aprili 2024 na kuua watu kadhaa. Katika hali kama hizo, picha moja kutoka angani huonyesha ni boma lipi limezingirwa na maji na ni njia ipi ingali inapitika.

Kuna kazi nyingine zisizo za dharura. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inazitaka jamii zisajili ardhi zao, na usajili huo unahitaji mipaka iliyopimwa. Swala aitwaye hirola, ambaye makao yake ya asili ni ukanda huu wa Garissa na Somalia jirani na ambaye idadi yake inakadiriwa kuwa chini ya 500, anahitaji kuhesabiwa bila kusumbuliwa. Wenye mashamba ya ndizi na matikiti kandokando ya mto wangependa kujua ni sehemu gani ya shamba imekosa maji. Kazi zote hizi zina malipo, na zinaweza kufanywa na kijana aliyezaliwa Bura badala ya mtaalamu anayeletwa kutoka Nairobi kwa siku mbili.

Swali ni je, kijana huyo anapaswa kuwa na leseni gani? Wapo wanaoshikilia kwamba anga ni anga, na kila anayeitumia kwa biashara sharti awe rubani kamili. Wapo wanaosema kwamba kifaa chenye uzito wa chini ya kilo moja hakihitaji leseni yoyote, kama vile baiskeli isivyohitaji. Rai zote mbili zimewahi kujaribiwa, humu nchini na kwingineko, na matokeo yake yanajulikana.

Kwanza ieleweke leseni ya rubani ni kitu gani. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), anayetaka leseni ya rubani binafsi lazima awe ametimiza miaka 17 na kuruka saa zisizopungua 40, au 35 kama amesomea katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya rubani wa biashara hudai miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyepitia chuo cha namna hiyo. Kila saa kati ya hizo hulipiwa mafuta, ndege na mwalimu. Kwa Kenya, mafunzo mengi ya aina hiyo hutolewa Uwanja wa Wilson, Nairobi, yapata kilomita 370 kutoka Garissa. Mzazi wa Bura angeuza ngamia wangapi?

Na katika saa hizo zote, mwanafunzi hufunzwa nini? Hufunzwa kuondoa ndege ardhini na kuitua, kuiokoa inapopoteza nguvu ya kuelea, kusoma ala zilizo mbele yake, kutunza injini, na kutambua kwa mwili wake kwamba ndege imeinama. Mrushaji droni hana hata kimoja cha hivyo. Amesimama chini ya mgunga, jua likimpiga usoni, akitazama nukta angani ambayo baada ya mita mia tatu haonekani tena imeelekea upande gani. Taabu zake ni nyingine kabisa. Betri ya lithiamu huchoka upesi kuliko ilivyoandikwa. Hewa ya joto ni nyepesi, na siku ya nyuzi 38 chombo hubeba mzigo mdogo kuliko kilivyobeba alfajiri. Vumbi huingia kwenye mota. Ishara za setilaiti zikipotea, chombo hupeperushwa na upepo. Kitufe cha kukirudisha nyumbani hukirudisha kwa kimo kilichowekwa mapema, na kama kimo hicho ni kifupi kuliko mnara wa simu ulio njiani, hakitafika. Tai na kunguru nao hukishambulia. Rubani mwenye saa elfu moja za kurusha ndege ya abiria anaweza kuyajua machache sana kati ya haya.

Marekani ililijifunza jambo hili kwa gharama. Kabla ya Agosti 2016, aliyetaka kurusha droni kwa malipo nchini humo alilazimika kuomba ruhusa maalumu, na miongoni mwa masharti yake ilikuwa ni kuwa na cheti cha rubani wa ndege inayobeba watu. Mpiga picha za nyumba zinazouzwa alilazimika ama kujifunza kuendesha ndege au kumwajiri rubani asimame kando yake. Wengi hawakufanya hilo wala hili, walirusha kimyakimya. Tarehe 29 Agosti 2016 kanuni mpya zilianza kutumika. Mwombaji alitakiwa awe na umri wa miaka 16, afanye mtihani wa maswali 60 na kupata asilimia 70, achunguzwe na vyombo vya usalama, kisha apewe cheti cha mrushaji wa mbali. Droni isizidi takriban kilo 25, isipite futi 400, na ibaki mahali inapoonekana kwa macho. Tangu wakati huo mamia ya maelfu ya watu wamepata cheti hicho, na wanajulikana majina yao na wanakoishi. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kenya ilianzia upande wa kukataza. Hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia, iliyokuwa imechangisha fedha mwaka 2013 ili iwalinde vifaru kwa droni, ilikumbana na kizuizi cha serikali. Januari 2015 Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, ilitangaza kwamba hakuna ruhusa ya kurusha droni bila idhini yake na ya Wizara ya Ulinzi. Kanuni za kwanza zilichapishwa mwaka 2017, lakini Bunge la Taifa likazibatilisha mwaka 2018. Zilizopo sasa ni zile za mwaka 2020, zilizotangazwa kwa Tangazo la Kisheria nambari 42 la mwaka huo. Katika kipindi hicho chote cha kusubiri, droni hazikukoma kuruka. Zilirushwa na watu wasiojulikana, na aliyetaka kufuata sheria ndiye aliyekaa bure.

Kanuni za 2020 hazimtaki mrushaji awe rubani wa ndege. Zinagawa kazi za droni katika ngazi tatu kwa kadiri ya hatari yake, na kuanzisha leseni ya pekee, leseni ya rubani wa mbali. Kampuni inayofanya biashara nayo hutakiwa kuwa na cheti cha uendeshaji. Mwenye droni awe ametimiza miaka 18, na kila chombo kisajiliwe. Kisiruke juu ya futi 400 kutoka ardhini, wala karibu ya mita 50 na mtu, gari au jengo lisilohusika na kazi hiyo. Kisikaribie kiwanja kikubwa cha ndege kwa umbali wa kilomita 10, au kilomita 7 kwa viwanja vidogo, mpaka kwa idhini.

Kwa msingi, basi, Kenya imechagua njia iliyo sahihi. Leseni iwepo, lakini iwe ya kazi yenyewe. Wanaodai kwamba hata hiyo ni nyingi mno wanafaa kuangalia hesabu ya kimo. Ndege yenye watu, ikiwa nje ya miji, kwa kawaida hairuhusiwi kuruka chini ya futi 500 kutoka ardhini isipokuwa inapopaa au kutua. Droni inaishia futi 400. Kati ya hizo mbili pamebaki futi 100, yaani mita 30 hivi, na hizo ndizo zinazotenganisha maisha na mauti. Zaidi ya hayo, kaskazini mwa Kenya ni mahali ambapo ndege nyingi zina sababu halali za kuruka chini: ya kunyunyizia nzige, ya madaktari wa AMREF inayotafuta kiwanja cha vumbi, helikopta ya polisi au ya jeshi, ndege ya misaada inayoshuka Dadaab. Rubani wa ndege hizo hawezi kuiona droni ya ukubwa wa sufuria. Ni mrushaji aliye chini ndiye anayesikia mlio wa injini na kushusha chombo chake, ikiwa amefunzwa kwamba hilo ni jukumu lake.

Mifano ya asiyefunzwa haiko mbali. Oktoba 2017, ndege ndogo ya abiria iliyokuwa na watu wanane iligongana na droni ilipokuwa ikikaribia kutua mjini Quebec, Kanada. Ilitua salama, ila droni hiyo ilikuwa juu sana kuliko kimo ilichoruhusiwa. Januari 2025, moto ulipokuwa ukiteketeza vitongoji vya Los Angeles, droni iligonga bawa la ndege ya kuzima moto na kulitoboa. Ndege hiyo ilitolewa kazini wakati ilipohitajiwa kuliko wakati wowote. Aliyeirusha hakuwa katika biashara. Alitaka tu kuona moto. Badala ya moto, mtu aweke nzige na badala ya Los Angeles aweke Bura, na tatizo ni lile lile.

Mfano huo wa California unafichua udhaifu mmoja wa mjadala mzima. Kwa nini leseni idaiwe kwa anayelipwa, na anayecheza aachwe? Anga haiulizi kama mtu analipwa. Anayelipwa ana mteja, ana jina la kulinda na ana chombo cha thamani asichotaka kukivunja. Mara nyingi ndiye mwangalifu zaidi. Jumuiya ya Ulaya iliachana na tofauti hiyo tangu mwisho wa mwaka 2020, na sasa inapima uzito wa chombo, umbali wake na watu walio chini yake. Kwa kipimo hicho, kijana wa Bura anayepiga picha za malisho kwa droni ya gramu mia tisa, mahali pasipo na watu, anahitaji mafunzo mafupi na mtihani. Lakini anayenyunyizia shamba dawa kwa droni inayoweza kuzidi kilo 50 ikiwa imejazwa, huku familia zikichota maji mtoni, anahitaji mengi zaidi, likiwemo somo la dawa zenyewe. Kuwaweka wawili hawa katika daraja moja eti kwa sababu wote wanalipwa ni kuwaonea wa kwanza na kuwahatarisha majirani wa pili.

Hata hivyo, Garissa ina jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havikuliandika. Kaunti hii imepakana na Somalia. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Operesheni ya usalama katika Msitu wa Boni, kusini ya hapa, ilianza mwaka huo huo. Katika mazingira kama haya, chombo kisichojulikana kinachopita juu ya kituo cha polisi hutazamwa kama jicho la adui, na si ajabu kikajibiwa kwa risasi. Tarehe 4 Mei 2020, ndege ya kampuni ya Kenya ya African Express Airways iliyokuwa imebeba shehena ya msaada ilidunguliwa huko Berdale, Somalia, na watu sita waliokuwemo wakafa. Ethiopia ilikiri kwamba wanajeshi wake ndio walioidungua, wakidhani ilikuwa katika shambulio. Hiyo ilikuwa ndege kamili yenye marubani wenye leseni zote. Leseni haikuwasaidia, kwa kuwa waliokuwa chini hawakuwa na habari ya kuja kwake.

Kwa Bura, hiyo ina maana kwamba cheti pekee hakitoshi. Mrushaji lazima pia awe na njia ya haraka ya kutoa taarifa. Afisa wa polisi wa Fafi, naibu kamishna wa kaunti na kambi ya jeshi iliyo jirani wajue leo kuna nani angani, wapi, na kwa saa ngapi. Ikiwa ruhusa ya namna hiyo inatafutwa Nairobi kwa majuma, mafuriko yatakuwa yamekwisha kupungua kabla haijatolewa. Ikiwa inatolewa kwa simu kwa mtu ambaye tayari amesajiliwa, amechunguzwa na anajulikana, inaweza kutolewa asubuhi ikatumika adhuhuri. Hapo ndipo leseni inapomfaa mwenyewe aliye nayo, si serikali tu.

Kanuni ya umbali kutoka viwanja vya ndege nayo inahitaji kutazamwa kwa macho ya huku. Duara la kilomita 7 lina eneo la kilomita za mraba 154. La kilomita 10 lina 314. Katika miji ya kaskazini kiwanja cha ndege hakiko nje ya mji kama Nairobi, bali mji wenyewe umekua kando ya kiwanja. Duara hilo basi hufunika soko, shule, zahanati na mashamba ya karibu, yaani karibu kila mahali penye kazi ya kulipwa, ingawa huenda ndege inatua hapo mara chache kwa juma. Mrushaji mwenye leseni, aliyefunzwa kutumia redio na mwenye namba ya simu ya msimamizi wa kiwanja, angeweza kuruhusiwa kufanya kazi ndani ya duara hilo siku ambazo hakuna ndege. Asiye na mafunzo asiruhusiwe hata siku hizo.

Kisha kuna suala ambalo shule ya urubani hailigusi kabisa, na wazee wa Bura huenda wakaliweka mbele ya yote: faragha. Ua wa boma umejengwa ili wanawake wa nyumba wafanye shughuli zao bila kutazamwa na wageni. Kamera inayopita futi 100 juu yake imevunja ua bila kuugusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni habari yake binafsi, na kuichukua kunahitaji sababu halali. Sheria hiyo haijulikani sana vijijini, lakini adabu inajulikana: anayekuja kupiga picha hubisha hodi kwanza. Hapa mtoto wa mahali hapo ana ubora ambao mgeni hana, maana anajua ua upi ni wa nani, kisima kipi kina mzozo, na ngamia wapi watatawanyika wakisikia mlio huo. Mtihani wa leseni ungefaa uwe na maswali ya namna hii.

Kwamba vijana wasio marubani wanaweza kufanya kazi hii vizuri, ushahidi upo Zanzibar. Kuanzia mwaka 2016 visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa droni ndogo ili kutengeneza ramani mpya, na miongoni mwa waliozirusha walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Ramani walizotoa zilionyesha nyumba moja moja. Malawi nayo ilitenga ukanda wa anga huko Kasungu mwaka 2017 kwa majaribio ya droni za kibinadamu, na Januari 2020 ikafunguliwa Lilongwe shule ya kufundisha vijana kuzirusha na kuzisoma picha zake. Hakuna aliyewataka waanze kwa kuendesha ndege ya abiria.

Kikwazo kilichobaki Garissa ni umbali na gharama. Leseni inayopatikana Nairobi tu, kwa ada ya mafunzo, nauli na malazi ya majuma, ni sawa na kumwambia kijana wa Fafi asijisumbue. Atanunua droni kwa njia za panya na kuirusha jioni, na siku itakapomwangukia mtu hakuna atakayejua ni ya nani. Dawa yake si kuondoa mtihani. Nadharia haihitaji uwanja wa ndege. Inahitaji chumba na kompyuta, na Garissa ina chuo kikuu, kilichofunguliwa tena Januari 2016 baada ya shambulio lile, na pia chuo cha ufundi cha taifa. Mtahini mmoja akisafiri kutoka Nairobi mara mbili kwa mwaka ataokoa safari za watahiniwa ishirini. Mtihani wa vitendo nao unaweza kufanyiwa uwanda wowote nje ya duara la kilomita 7, asubuhi mapema kabla upepo haujaanza, polisi wa Fafi wakiwa wamearifiwa na wenye maboma ya karibu wameombwa ruhusa kwanza.